Kioo Kirefu, Kifupi, cha Kibawa au cha Kupandisha: Kipi Kitakupunguzia Upepo kwenye Pikipiki ya Safari?

Barabara ya Chalinze hadi Morogoro ina vipande virefu vilivyonyooka, na ni hapo nilipojua kwamba shida yangu si injini wala tairi. Nikifika kilomita 100 kwa saa, kichwa kilitikiswa mpaka namba za trela lililokuwa mbele yangu nikaziona mbilimbili. Nilipofika Msamvu nikavua helmeti, na masikio yakaendelea kuvuma mpaka chai ikaisha kikombeni. Wenzangu wote walinipa ushauri mmoja: nunua kioo kirefu, yaani kile cha mbele cha kukinga upepo. Nikanunua, nikafunga, nikarudi barabara ileile. Kelele zikaongezeka.

Tangu siku ile nimeendesha na vioo vya kila namna, vyangu na vya kuazima, kati ya Dar es Salaam na Mbeya. Nilichojifunza ni kwamba huwezi kujibu swali la kioo kipi ni kizuri kabla hujajua upepo unakupiga wapi. Kioo hakiumalizi upepo, kinauelekeza tu. Ukingo wake wa juu huukata, na nyuma ya ukingo huo hewa hujikunja na kuzunguka kama maji yanavyofanya nyuma ya nguzo ya daraja. Helmeti yako ikikaa juu ya msukosuko huo, unasikia mvumo mmoja mnyoofu. Ikikaa chini yake kabisa, unapata utulivu. Ikikaa katikati, kichwa kinapigwa makofi mfululizo. Sentimita tatu zinatosha kukutoa hali moja hadi nyingine, na hizo sentimita tatu zinatokana na kimo chako, urefu wa kiwiliwili, siti uliyokalia, hata aina ya helmeti. Kioo anachokisifia jirani yako kinaweza kukutesa wewe.

Ninachoandika hapa kinahusu pikipiki za safari ndefu, aina ya V-Strom, Versys, Africa Twin, Himalayan na wenzake. Kwa bodaboda inayozunguka mjini kwa kilomita 40 au 50 kwa saa, kioo husaidia mvua na vumbi tu, upepo wenyewe haujawa na nguvu ya kukusumbua.

Tunapima nini

Kwanza, tutenganishe kelele na mtikisiko. Wengi huvichanganya. Kelele ni mvumo unaoingia sikioni. Mtikisiko ni upepo kukusukuma kichwa na mabega kwa vipigo vya haraka. Kioo kinaweza kutuliza kimoja na kuzidisha kingine. Watafiti wa Bath, Uingereza, walichapisha mwaka 2011 uchunguzi wa kelele za ndani ya helmeti, na wakaonyesha kwamba chanzo kikubwa kiko chini, eneo la kidevu, hewa inapopita chini ya helmeti. Ndiyo maana mtu anaweza kuweka kioo kinachomfikia kifuani, upepo ukamtoka kifuani na kuhamia shingoni, akashangaa kwa nini masikio yanamuuma kuliko zamani.

Vipimo vingine ni kuona barabara, hali ya hewa (joto la bondeni, baridi ya juu, mvua), utulivu kwenye upepo wa ubavuni, na kufunga pamoja na bei. Nimeviweka vilevile kwa kila aina.

Kumbuka pia kwamba nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka 80 kwenda 100 nguvu inaongezeka kwa zaidi ya nusu, na ukifika 120 imepita mara mbili ya ile ya 80. Kwa hiyo kioo kijaribiwe kwenye mwendo unaosafiri nao kweli, siyo kwa kuzunguka mtaa mmoja nje ya gereji.

Kabla ya kutoa hela

Asubuhi na mapema, barabara ikiwa wazi, fanya majaribio manne. La kwanza: simama kidogo kwenye vikanyagio, helmeti ipande juu ya kioo kabisa. Mtikisiko ukikoma na ukabaki mvumo mnyoofu, ujue kichwa chako kinakaa ndani ya msukosuko, na kioo kifupi kinaweza kukufaa. La pili: inama kidogo mpaka macho yafike usawa wa ukingo. Utulivu ukija, unahitaji urefu zaidi au mwinamo mwingine. La tatu: kwa mkono wa kushoto, mwendo usizidi 80, peleka kiganja polepole juu ya ukingo wa kioo; utahisi pale hewa laini inapogeuka kuwa ya kurukaruka. La nne ni kukifungua kioo chote na kuendesha kipande kilekile bila kioo. Watu hulikwepa hili kwa sababu linaonekana kama kurudi nyuma, lakini ndilo linalokupa kipimo cha kulinganishia.

Na kama helmeti yako ina kile kidele cha mbele, yaani kikinga jua kilichochomoza juu ya uso kama cha motokrosi, kitoe kabla ya kulaumu kioo. Nimewahi kumwona rafiki yangu akibadili vioo viwili, kumbe tatizo lilikuwa kile kidele kinachodaka hewa.

1. Kioo kirefu cha safari

Hiki ndicho kinachofahamika zaidi. Givi ya Italia na Puig ya Hispania hutengeneza vya pikipiki nyingi, kila kimoja kikiwa na mashimo yake ya kiwandani.

*Kelele na mtikisiko.* Kikikufikia vizuri, hakuna kinachokishinda kwa utulivu. Kikikukosea, ndicho kibaya kuliko vyote. Sababu ni kwamba nyuma ya kioo kirefu na kipana hubaki shimo la hewa nyepesi, na hewa ya pembeni na ya juu hukimbilia kulijaza. Hapo ndipo unahisi kama mtu anakusukuma mgongoni na kukupiga helmeti kwa nyuma. Angalia kama kati ya kioo na dashibodi kuna uwazi wa kupitisha hewa kidogo. Uwazi huo hujaza lile shimo, na mara nyingi ndio unaotofautisha kioo kirefu kinachotuliza na kinachotesa. Kilichonitesa mimi kilikuwa kimeziba kabisa hadi chini.

*Kuona.* Ukingo usivuke usawa wa pua au mdomo. Uangalie barabara kwa juu ya kioo, siyo kupitia ndani yake. Mvua ya usiku pale Mikumi, taa za malori zikija mbele na kioo kimejaa matone, hutaona tembo mpaka umfikie.

*Hali ya hewa.* Mafinga na Makambako, Juni na Julai asubuhi, utakishukuru. Ruaha Mbuyuni saa nane mchana utatamani kukitupa, kwa sababu unakaa kwenye hewa iliyosimama huku joto la injini likikupandia.

*Upepo wa ubavuni.* Eneo kubwa ni kama tanga. Makambako na Singida wanajua upepo, na hapo pikipiki yenye kioo kipana husukumwa zaidi. Tazama kimefungwa wapi: kikiwa kwenye fremu, upepo husukuma chombo chote, kikiwa kwenye usukani au taa inayogeuka nao, upepo unaingia moja kwa moja mikononi.

*Kufunga na bei.* Vya viwanda hivyo huzunguka kwenye euro 100, wakati mwingine zaidi, kabla ya kusafirisha na ushuru. Kufunga ni kazi ya dakika ishirini.

Kinamfaa mtu wa kimo cha wastani au mfupi, anayesafiri masaa mengi nyanda za juu, na anayeweza kukijaribu kwa mwenzake kwanza.

2. Kioo kifupi, au kukata ulichonacho

*Kelele na mtikisiko.* Hapa hukimbii upepo, unaupokea ukiwa msafi. Mtikisiko huisha karibu wote kwa mtu mrefu, kwa sababu helmeti inakaa juu ya msukosuko. Kelele haziishi. Zinakuwa mvumo mmoja wa kudumu badala ya ngurumo za kupanda na kushuka, na mvumo wa namna hiyo vizibo vya masikio huumudu vizuri. Ila kifua na mabega vinafanya kazi. Ukitoka Dar mpaka Iringa, takriban kilomita 500, shingo itakukumbusha.

*Kuona.* Hakuna kinachokikaribia. Barabara yote ni yako, mchana na usiku.

*Hali ya hewa.* Kinyume cha kirefu: kizuri bondeni, kigumu kwenye baridi. Mvua inakupiga kifuani, na wadudu wa jioni wanakuishia kwenye helmeti.

*Upepo wa ubavuni.* Kimetulia.

*Kufunga na bei.* Kukata kioo cha zamani ni karibu bure, lakini usikate kile cha kiwandani kabla hujabandika tepu kuonyesha mstari mpya na kuwaza siku mbili. Kilichokatwa hakirudi. Ukingo upigwe msasa mpaka uwe wa mviringo na laini, maana ukianguka shingo yako iko karibu nao.

Kinamfaa mtu mrefu, anayeendesha zaidi ukanda wa pwani na bondeni, anayepita njia za vumbi akiwa amesimama kwenye vikanyagio. Ukisimama, kioo kirefu hukugonga kidevu.

3. Kibawa cha kuongezea juu

Ni kipande kidogo kinachobanwa kwenye ukingo wa kioo ulichonacho. MRA ya Ujerumani imejulikana kwa vioo ambavyo kibawa hiki kimekuja nacho tayari na kinaweza kusogezwa. Puig na Givi nao wana vya kubana.

*Kelele na mtikisiko.* Siri yake ni ule mwanya kati ya kibawa na kioo. Hewa inayopita kwenye mwanya huendelea kutiririka kwa kasi na kutuliza ile inayojikunja, kwa hiyo unapata kinga ya kioo kirefu bila shimo kubwa nyuma yake. Kwa mtikisiko mdogo au wa kati, hiki ndicho kinachotoa tofauti kubwa kwa hela ndogo. Kwa mtikisiko mkubwa unaotoka pembeni mwa kioo hakitafanya lolote, kwa sababu kinashughulikia ukingo wa juu peke yake.

*Kuona.* Una kingo mbili mbele ya macho badala ya moja. Wengine hawazioni baada ya siku mbili. Wengine hawazoei kabisa. Mimi nilizoea.

*Hali ya hewa* inabaki kama ya kioo cha asili, ikiongezeka kidogo. *Upepo wa ubavuni* vilevile.

*Kufunga na bei.* Vibano vya bei rahisi hulegea kwenye rasta na matuta. Chukua njia mbovu kama mwamuzi: baada ya kilomita 50 za changarawe, shika kibawa utikise. Kikicheza, funga kwa uzi mwembamba hadi upate bolti bora, maana kikichomoka kwenye mwendo kinakujia usoni.

Kinamfaa aliyekaribia kuridhika na kioo chake, anayebadili mara abiria mara hakuna, na anayetaka kujaribu bila kutumia hela nyingi.

4. Kioo chenye mabano ya kupandisha na kuinamisha

Badala ya kubadili kioo, unabadili mahali kinapokaa. Mabano yanakuwezesha kukipandisha, kukishusha, na muhimu zaidi, kukisogeza mbele au nyuma na kubadili mwinamo. Zipo pikipiki zilizotoka kiwandani hivyo; nyingine unaziongezea mabano yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

*Kelele na mtikisiko.* Hapa ndipo nilipoelewa kwamba mwinamo ni muhimu sawa na urefu. Kioo kilichosimama sana hupasua upepo kwa nguvu na kuacha shimo kubwa; kikilala kidogo, upepo unateleza juu yake. Tena mabano yenyewe huacha uwazi chini ya kioo, ule uwazi niliousema. Kwenye mabano yangu nimechora alama mbili kwa rangi ya kucha: nyeupe ni nafasi ya Dar hadi Morogoro, nyekundu ni ya kupanda Kitonga kwenda Iringa. Nasimama Ruaha Mbuyuni, nalegeza nati mbili, nanywa maji, naondoka.

*Kuona.* Unachagua mwenyewe. Usiku nashusha.

*Hali ya hewa.* Kinafuata safari yako, na hili ni kubwa kwa njia inayotoka joto la bondeni kwenda baridi ya Mafinga siku moja.

*Upepo wa ubavuni.* Inategemea upana wa kioo chenyewe. Mabano dhaifu huzidisha mtikisiko kwa kioo kutetema chenyewe. Ukiona ukingo unapepesuka kwenye kilomita 90, mabano hayatoshi.

*Kufunga na bei.* Ghali kuliko vyote ukihesabu mabano na kioo, na kazi ya kurekebisha inataka subira. Badili kitu kimoja kwa wakati, endesha, andika.

Kinamfaa anayepita hali nyingi tofauti, pikipiki inayotumiwa na watu wawili wa vimo tofauti, na yule aliyekwisha kununua vioo viwili bila kupona.

Na kile cha fundi wa mabango?

Wengi wetu hatuagizi Ulaya. Nilikwenda kwa fundi wa mabango pale mjini, nikiwa na kioo changu cha zamani kama sampuli. Aliipima plastiki ya milimita 4, akaniuliza, "Kaka, hii unaweka pikipiki au dukani?" Nilipomjibu akaweka pembeni ile nyeupe aliyokuwa ameshika, akachukua iliyo angavu. Aliipasha joto taratibu kwa mashine ya upepo wa moto, akaikunja juu ya bomba lililofungwa kitambaa, akashikilia mpaka ikapoa. Akiharakisha inatoka na mapovu au mawimbi, na mawimbi hayo usiku yanageuza taa moja ya lori kuwa tatu.

Uzuri wake ni bei na kwamba unaamua urefu mwenyewe. Unaweza kuanza na kirefu na kukikata sentimita mbili mbili mpaka upate nafasi yako. Ubaya ni kwamba plastiki ya mabango, yaani akriliki, hung'aa vizuri na haichunwi haraka, lakini ikigongwa na jiwe au pikipiki ikilala hupasuka vipande vikali. Polikaboneti hustahimili kugongwa zaidi, ila huchunika kirahisi kama haina tabaka la juu na huharibiwa na petroli na dawa za kusafishia vioo zenye amonia. Uliza ni ipi unapewa. Mashimo yatobolewe kwa kasi ndogo, yawe makubwa kidogo kuliko bolti, na kila bolti ikae kwenye mpira. Bolti iliyobanwa moja kwa moja kwenye akriliki huanza ufa mdogo ambao baada ya mwezi unafika ukingoni.

Kusafisha ni kulekule kwa aina zote: lowesha kitambaa, kiache juu ya kioo dakika kumi wadudu walainike, kisha futa bila kusugua.

Ukiwa hali hii, anza hapa

Lolote utakalochagua, vaa vizibo vya masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri kelele za desibeli 85 zisizidi saa 8 kwa siku, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu. Ndani ya helmeti kwenye mwendo wa barabara kuu kelele hufika maeneo hayo bila shida, na hakuna kioo kinachozishusha peke yake. Usikivu ukipotea haurudi.

Ukiwa mrefu na kichwa kinapigwa, jaribu kwanza kuendesha bila kioo au kwa kifupi. Ukiwa wa kimo cha wastani, ukasikia utulivu kila unapoinama kidogo, umekosa sentimita chache tu: bana kibawa. Kama safari zako nyingi ni za Nyanda za Juu Kusini au alfajiri za baridi, kirefu chenye uwazi chini yake kitakulipa. Kama unatoka pwani unalala Iringa, mabano. Kama mfuko haujaruhusu, nenda kwa fundi wa mabango na uanze na kirefu unachoweza kukipunguza.

Ukibeba abiria, mwulize yeye pia. Hewa inayokupita wewe juu ya kioo kirefu hurudi chini na kumpiga aliye nyuma, na uzito wake huinua mbele ya pikipiki na kubadili mwinamo wa kioo. Kaza springi ya nyuma kwanza, kisha mfanye jaribio mkiwa wawili, kwa sababu nafasi uliyoipata ukiwa peke yako haitakuwa ileile.